Fundi Bertram wa Minden na Madhabahu ya Dhahabu ya Hamburg

Mtu aingiapo kanisani hutazama madhabahu kabla hajatazama kitu kingine. Ni nadra kuuliza nani aliyeitengeneza. Majina ya wachungaji huandikwa katika vitabu na kuchongwa katika mawe ya msingi, bali majina ya waashi, maseremala na wapaka rangi husahauliwa mara malipo yao yamalizikapo. Ndivyo ilivyokuwa pia Ulaya katika zama za kati. Mamia ya picha za madhabahuni zilizochorwa katika nchi ya Ujerumani miaka ile hazina jina la mtengenezaji. Wataalamu hulazimika kumwita fundi kwa jina la kanisa au mji ambamo kazi yake ilipatikana. Kwa sababu hiyo maisha ya Bertram wa Minden ni tunu ya pekee, kwa kuwa jina lake lilihifadhiwa, na madhabahu yake kubwa ipo hata leo, zaidi ya miaka 600 tangu kufa kwake.

Bertram alizaliwa yapata mwaka 1340 katika Minden, mji wa askofu ulio kando ya mto Weser katika nchi ya Westfalia. Utoto wake uliangukia katika miaka ya kutisha. Kati ya mwaka 1347 na 1351 tauni kubwa ilipita Ulaya yote ikiua vijiji vizima, na mtoto yeyote aliyenusurika katika miaka hiyo alikua akijua kwamba jeneza halina umri. Katika ujana wake alijifunza kazi ya uchoraji. Wataalamu wengi wameona katika picha zake alama za mafundi wa Praha, mji ambao Kaisari Karolo wa Nne aliujaza wachoraji na wachongaji, na hivyo hudhani kwamba Bertram alipitia huko, au alijifunza kwa mtu aliyepitia huko. Nyuso zake za mviringo, miili yenye uzito na mavazi yenye mikunjo laini hufanana na kazi za Bohemia za wakati ule.

Mwaka 1367 jina lake latokea kwa mara ya kwanza katika vitabu vya hesabu vya mji wa Hamburg. Mji huu haukuwa mgeni kabisa kwa wazee wa makanisa yetu, maana meli za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, zilizoanza safari zake mwaka 1890, zilitoka katika bandari hiyo kuja pwani ya Afrika Mashariki. Lakini katika siku za Bertram Hamburg ulikuwa bado mji mdogo ndani ya kuta zake, mmojawapo wa miji ya Umoja wa Hansa iliyofanya biashara katika bahari ya Kaskazini na bahari ya Baltiki. Utajiri wake mwingi ulitokana na bia, iliyopikwa humo na kusafirishwa hadi nchi za Uholanzi na mbali zaidi. Inafaa kusema jambo hili bila kuona haya, kwa kuwa sehemu ya dhahabu iliyopamba makanisa ya mji ule ilitoka katika mapipa hayo.

Serikali ya mji ilimlipa Bertram kwa kazi mbalimbali za mapambo. Fundi wa nyakati zile hakuchagua kazi zilizo tukufu tu. Aliyechora Mama wa Bwana wetu wiki hii aliweza kupaka rangi ngao au bendera wiki ifuatayo, naye hakuona kwamba ameshushwa hadhi. Hatua kwa hatua Bertram alipata karakana yake, wanafunzi wake na nyumba yake, akaitwa Meister, yaani fundi mkuu mwenye haki ya kuajiri na kufundisha. Ndilo jina analojulikana nalo hata leo katika nchi yake: Meister Bertram.

Kazi iliyomfanya ajulikane aliifanya kati ya mwaka 1379 na 1383. Kanisa la Mtakatifu Petro, ambalo ni la zamani kuliko sharika nyingine za mji huo, lilihitaji madhabahu kuu mpya. Kumbukumbu ya matukio ya mji iliandika kwa ufupi kwamba ubao wa madhabahu kuu ya Mtakatifu Petro ulitengenezwa mwaka 1383, na kwamba aliyeutengeneza alikuwa Bertram wa Minden. Kumbukumbu hiyo fupi ndiyo iliyomwokoa asiingie katika kundi la mafundi wasio na jina.

Madhabahu hiyo si picha moja, bali ni kama kabati kubwa lenye milango miwili miwili kila upande, iliyofungwa kwa bawaba. Ikifunguliwa yote ina upana wa zaidi ya mita 7, na kimo chake ni zaidi ya mita mbili na nusu. Katika siku za kawaida na wakati wa Kwaresima milango ilikuwa imefungwa. Milango ya kwanza ilipofunguliwa, waumini waliona picha 24 zilizochorwa juu ya dhahabu. Katika sikukuu kuu ilifunguliwa milango ya ndani, na hapo zikaonekana sanamu zilizochongwa kwa mti na kupakwa dhahabu: mitume, manabii na watakatifu wamesimama safu kwa safu, na katikati yao Kristo amesulibiwa. Hivyo mwaka wa Kanisa ulionekana kwa macho. Mtu asiyejua kusoma kalenda alijua kwamba Pasaka imefika kwa kuitazama madhabahu tu.

Inafaa kueleza namna dhahabu ile ilivyowekwa, maana wengi hudhani kwamba mafundi walipaka rangi ya njano, au kwamba ubao wenyewe ni wa dhahabu. Kwanza seremala aliunganisha mbao za mwaloni zilizokauka vizuri, kwa sababu mbao mbichi hujikunja na kupasuka. Juu ya mbao fundi alibandika kitambaa cha kitani ili kuziba viungo. Kisha alichemsha gundi kutokana na ngozi za wanyama, akaichanganya na unga wa chaki, akapaka tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka lilisubiriwa likauke kabla ya kupaka jingine. Uso wa ubao ulipokuwa mweupe na laini kama ganda la yai, alichora mistari ya picha. Mahali palipokusudiwa kuwa na dhahabu alipaka udongo mwekundu ulio laini sana, uliochanganywa na ute wa yai. Udongo huo huipa dhahabu joto lake. Pale ambapo dhahabu imechakaa kwa miaka mingi, wekundu wake huchungulia hata leo.

Ndipo ililetwa dhahabu yenyewe. Wafua dhahabu waliipiga sarafu kwa nyundo, kati ya ngozi nyembamba, mpaka ikawa majani membamba kuliko karatasi yoyote, hata pumzi ya mtu ingeweza kuyapeperusha. Mafundi wa Italia wa wakati huo walihesabu kwamba sarafu moja itoe majani 100 ya namna hiyo. Kutoa zaidi ilikuwa kuyafanya membamba mno. Msaidizi alilowanisha udongo ule kwa maji, akalilaza jani juu yake kwa brashi laini, naye alizuia pumzi. Dhahabu ilipokaribia kukauka ilisuguliwa kwa jiwe gumu lililong'arishwa, au kwa jino la mnyama kama mbwa, mpaka ikaacha kuonekana kama karatasi na ikawa kama kioo. Mwisho fundi alitumia vyuma vidogo kupiga alama katika dhahabu, nukta kwa nukta, ili kuonyesha duara la nuru kuzunguka vichwa vya watakatifu. Baada ya hayo yote ndipo rangi zilianza kupakwa, nazo zilisagwa kwa mkono na kuchanganywa na kiini cha yai. Kosa moja katika tabaka la chini lilijitokeza miaka mingi baadaye kwa kubanduka. Kwamba kazi ya Bertram imesimama karne sita ni ushuhuda wa uaminifu wake katika mambo ambayo hakuna mshitiri aliyeweza kuyakagua.

Gharama hiyo yote ilikuwa ya nini? Zipo sababu za kibinadamu, wala hazifai kufichwa: matajiri wa mji walipenda kanisa lao lishinde makanisa ya jirani. Lakini ipo pia sababu nyingine. Makanisa ya kaskazini yalikuwa na giza kwa miezi mingi ya mwaka, na ibada ilifanyika kwa mishumaa. Mwali wa mshumaa unapotikiswa na upepo, dhahabu iliyong'arishwa nayo hutikisika. Watu waliochorwa juu yake huonekana kama wamesimama mahali pasipo jua wala taa, penye nuru ya namna nyingine. Bertram hakuchora mbingu ya samawati nyuma ya Adamu na Hawa. Aliweka dhahabu, na kwa njia hiyo akaeleza kwamba mambo hayo yanatendeka mbele za Mungu.

Picha zenyewe huanza na mwanzo wa Maandiko. Ya kwanza inaonyesha nuru ikitengwa na giza, na hapo hapo malaika waasi wakianguka, weusi na wenye maumbo ya kutisha. Zinafuata uumbaji wa anga, wa jua na mwezi na nyota, wa mimea, wa wanyama, wa Adamu, na wa Hawa. Katika picha hizi zote Muumba amesimama kama mtu mzima mwenye ndevu na nywele ndefu, mpole wa sura, naye ana uso ule ule ambao Wakristo waliuzoea katika picha za Yesu. Hilo halikuwa kosa wala upungufu wa vielelezo. Bertram, au mwanateolojia aliyemwelekeza, alijua mafundisho ya sura ya kwanza ya Injili ya Yohana na ya Waraka kwa Wakolosai, kwamba vitu vyote viliumbwa kwa njia ya Neno, naye Neno alifanyika mwili. Waumini wa Hamburg waliokuwa hawajui Kilatini waliyaona mafundisho hayo Jumapili baada ya Jumapili: Yeye aliyelazwa horini katika picha za mwisho ndiye aliyetenga nuru na giza katika picha ya kwanza. Si rahisi kupata mahubiri ya karne ile yaliyoeleza fundisho hilo kwa uwazi zaidi.

Picha ya uumbaji wa wanyama ndiyo inayopendwa kuliko zote, hata watoto huisimamia kwa muda mrefu. Mungu yupo katikati. Samaki wamepangwa kama waliotundikwa sokoni, ndege wana rangi zao, na wanyama wa nchi kavu wamesimama mmoja juu ya mwingine kwa kuwa nafasi ni ndogo. Ni dhahiri kwamba fundi aliifurahia kazi hiyo. Lakini mwenye kutazama kwa makini hushituka. Katika kundi hilo la wanyama wapya, ambao Muumba hajamaliza hata kuwabariki, mbwa mwitu amekwisha kumkamata kondoo shingoni kwa meno yake. Adamu bado hajaumbwa. Mti wa ujuzi bado haujaguswa. Damu ilitoka wapi katika siku ya tano na ya sita?

Wapo waliolichukulia jambo hilo kuwa mzaha wa fundi. Tafsiri hiyo ni nyepesi mno. Katika picha ya kwanza malaika wamekwisha kuanguka. Uovu umekwisha kuingia kabla ya mwanadamu kuwapo, naye mbwa mwitu ni kivuli chake. Tena kondoo anayeumwa shingoni, katika madhabahu ambayo kiini chake ni Mwana-Kondoo aliyesulibiwa, hawezi kuwa kondoo wa kawaida tu. Bertram alikulia katika siku za tauni. Hakuchora dunia ya mwanzo kama bustani ya mtu asiyewahi kuzika.

Kutoka hapo hadithi inakwenda kwa ukali. Adamu na Hawa wanaonywa, wanakula, wanajificha, wanafukuzwa. Halafu wanafanya kazi, mmoja na chombo cha kulimia, mwingine akisokota uzi, kama mkulima yeyote wa Saksonia na mkewe. Kaini na Habili wanatoa sadaka, kisha mmoja anamwua mwingine. Nuhu anajenga safina, na mafundi wanaoijenga wana vifaa ambavyo Bertram aliviona kila siku bandarini. Ibrahimu anamwinulia Isaka upanga. Isaka mzee anamtuma Esau, na Yakobo anapokea baraka isiyokuwa yake. Baada ya baraka hiyo ya hila inaruka miaka mingi na kuingia Agano Jipya: malaika anampasha Mariamu habari, Mtoto anazaliwa, Mamajusi wanafika, Simeoni anampokea hekaluni, Herode anaua watoto wa Bethlehemu, na picha ya 24 ni ya familia iliyokimbilia Misri. Hapo picha zinakoma. Hakuna muujiza, hakuna mahubiri ya mlimani. Wakimbizi watatu wako njiani, na anayetaka kujua yaliyofuata hana budi kungoja sikukuu, milango ya ndani ifunguliwe, aone msalaba.

Miaka saba baada ya kumaliza kazi hiyo, mwaka 1390, Bertram aliandika wosia. Sababu aliyoitaja ni kwamba alikusudia kwenda Roma kwa faraja ya nafsi yake. Mwaka huo ulikuwa wa Yubile, na mahujaji waliahidiwa msamaha wa adhabu za dhambi. Kanisa la Magharibi lilikuwa limepasuka wakati huo, kwa kuwa papa mmoja alikuwa Roma na mwingine Avignon, kila mmoja akimtenga mwenzake. Safari kutoka Hamburg ilipita milima ya Alpi na ilichukua majuma mengi. Watu wengi hawakurudi, ndiyo maana mwenye mali aliandika wosia kabla ya kufunga mzigo.

Msomaji wa Kilutheri anafika mahali pa kutafakari hapa. Mtu huyu alikuwa amechora Mungu mwenye uso wa Kristo, mpole, akimwinua Adamu kutoka katika ardhi. Alikuwa ameweka msalaba katikati ya madhabahu kubwa kuliko zote za mji wake. Hata hivyo, alipofikisha umri wa miaka kama 50, nafsi yake haikutulia, akaona inampasa kuitafutia amani kwa miguu yake mwenyewe, mbali, kwa gharama. Si haki kumdharau. Alifundishwa hivyo, na walimu wake walifundishwa hivyo. Hofu ile ile ndiyo iliyompeleka Martin Luther katika nyumba ya watawa ya Erfurt mwaka 1505. Tofauti ni kwamba Bertram aliishi zaidi ya miaka 100 kabla ya mtu kuusoma Waraka kwa Warumi kwa sauti iliyosikika Ujerumani nzima. Jibu alilolihitaji lilikuwa limechorwa na mkono wake mwenyewe, ila hakuna aliyemsaidia kulisoma.

Karakana yake iliendelea kupata kazi. Kwa watawa wa kike wa Buxtehude, karibu na Hamburg, ilitengenezwa madhabahu nyingine inayoeleza maisha ya Mariamu. Katika picha yake mojawapo Mariamu ameketi akifuma shati la mtoto kwa sindano, shati lisilo na mshono, naye Yesu mdogo yuko chini karibu naye na kitabu chake. Malaika wawili wamefika, lakini hawakuleta zawadi. Wameleta msalaba, mkuki na misumari. Mama bado anafuma, na vazi analofuma ni lile ambalo askari watalipigia kura. Kazi nyingine zinazohesabiwa kuwa zake au za karakana yake ziko Hannover, na katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London iko madhabahu yenye picha 45 za Kitabu cha Ufunuo, ambayo nayo huhesabiwa kutoka katika karakana hiyo.

Mwaka 1410 aliandika wosia wa pili. Mwaka 1415 alikuwa amekwisha kufariki. Alikuwa ameishi kama miaka 75, umri mkubwa sana kwa mtu wa nyakati zile.

Madhabahu yake ilibaki mahali pake, nayo ilikuwa na majaribu yake. Matengenezo ya Kanisa yalipoanza, swali la picha liligawanya hata marafiki. Huko Wittenberg, mwanzoni mwa mwaka 1522, Andreas Karlstadt aliwahimiza watu waondoe picha makanisani. Luther aliacha maficho yake Wartburg, akarudi, akahubiri siku nane mfululizo mwezi wa Machi, akafundisha kwamba picha ziko huru, hazikuamriwa wala hazikukatazwa, na kwamba sanamu iliyo moyoni haiondolewi kwa shoka. Huko Zürich kuanzia mwaka 1524 makanisa yaliondolewa picha zote. Hamburg ulifuata njia ya Wittenberg. Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Luther mwenyewe, alikuja huko na kuandaa Utaratibu wa Kanisa wa mwaka 1529. Misa za kulipiwa zilikoma, watawa waliondoka, lakini dhahabu ya Mtakatifu Petro haikuguswa. Usharika mpya wa Kiinjili uliendelea kupokea Meza ya Bwana mbele ya mbwa mwitu na kondoo wa Bertram.

Hatari iliyokuja baadaye haikutoka kwa wapinzani wa picha, bali kwa wapenzi wa picha mpya. Mwishoni mwa karne ya 16 mchoraji Gillis Coignet, aliyezaliwa Antwerp na kuhamia Hamburg, alipewa kazi ya kuchora upya katika mbao za madhabahu hiyo kwa mtindo uliopendwa siku hizo. Dhahabu ya zamani ilionekana kuwa ya kishamba. Jina la Bertram lilisahauliwa kabisa na washarika.

Mwaka 1725 moto uliteketeza mji mdogo wa Grabow katika nchi ya Mecklenburg, pamoja na kanisa lake. Watu wa Grabow walijenga tena, lakini hawakuwa na madhabahu. Katika miaka ya 1730 usharika wa Mtakatifu Petro uliwapa madhabahu yake ya zamani. Ilikuwa sadaka ya kitu ambacho mtoaji hakukihitaji tena. Mtu asiitukuze kupita kiasi. Ilipakiwa, ikasafirishwa, ikasimamishwa katika kanisa la mji wa wakulima na mafundi, na huko ikatumika zaidi ya miaka 160.

Mwezi wa Mei mwaka 1842 moto mkubwa ulizuka Hamburg na kuwaka siku nne. Ulimeza sehemu kubwa ya mji, na kanisa la Mtakatifu Petro liliungua pamoja na mnara wake. Kama madhabahu ya Bertram ingalikuwa mahali pake pa kwanza, huenda pasingalibaki hata kipande. Ilikuwa Grabow, imesimama kimya kati ya watu ambao nao walikuwa wameungua kabla, na waliopewa kitu kikuukuu na jirani tajiri.

Aliyeitambua tena alikuwa Alfred Lichtwark, mkurugenzi wa jumba la sanaa la Hamburg liitwalo Kunsthalle. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 alikuwa akitafuta kazi za wachoraji wa zamani wa mji wake, watu ambao wengi walidhani hawakuwahi kuwapo, maana ilisemwa kwamba Hamburg ulijua biashara tu. Yapata mwaka 1900 alilinganisha madhabahu ya Grabow na maneno ya kumbukumbu ya mwaka 1383, akasadiki kwamba ni ile ile. Mwaka 1903 ilinunuliwa na kurudishwa Hamburg. Picha za baadaye zilipoondolewa, dhahabu ya Bertram ikaonekana tena. Mwaka 1905 Lichtwark alichapisha kitabu juu ya fundi huyo na miaka yake ya kazi.

Tangu hapo madhabahu hiyo iko katika Kunsthalle. Wageni huiona chini ya taa za umeme zisizotikisika, milango ikiwa wazi mwaka mzima, Kwaresima na Pasaka bila tofauti. Watunzaji wanaihifadhi kwa uangalifu ambao hakuna usharika ungeweza kuugharimia, na hilo ni jambo la kushukuru. Kanisa la Mtakatifu Petro lilijengwa tena na kukamilika mwaka 1849, juu ya mahali pale pale pa zamani, na ibada huendelea humo. Kutoka mlango wake mpaka mlango wa Kunsthalle ni mwendo mfupi kwa miguu.